Majani ya Kulishia Kobe

Kobe hapiki. Kisamvu kilichotwangwa, kikachemshwa kwa muda mrefu na kuungwa kwa nazi ni mboga ya heshima katika pwani yote. Kisamvu hichohicho kibichi, kikirushwa uani mbele ya kobe, ni jani lenye linamarini, kemikali inayotoa sianidi pale jani linapotafunwa. Mnavu, ambao wapishi wengi humwaga maji yake ya kwanza, una solanini ukiwa mbichi, hasa kwenye vitunda vyake vya kijani. Majani ya majimbi yana fuwele ndogo zilizochongoka kama sindano, ndiyo maana humwasha koo mtu asiyeyaivisha sawasawa. Sufuria ndiyo inayomsafishia mwanadamu mboga zake nyingi. Kobe hana sufuria.

Majani ya kulishia kobe, kwa maana inayotumika hapa, ni mimea ambayo kobe wa nchi kavu anaweza kuila mbichi, mara kwa mara, kwa miaka, bila gamba, ini, figo wala utumbo wake kuharibika. Maneno “kwa miaka” yana uzito. Mimea inayoua kobe kwa siku moja ni michache kuliko ile inayomdhoofisha polepole, na mnyama anayeweza kuishi miaka hamsini, mia au zaidi ana muda mrefu wa kudhoofika bila mwenye nyumba kugundua.

Kabla ya kuuliza “jani gani,” inafaa kuuliza “kobe gani.” Kasa wa baharini na kobe wa maji baridi hawamo katika mjadala huu, kwani wengi wao hula nyama kwa sehemu au kwa maisha yao yote. Katika Afrika Mashariki anayefugwa mara nyingi ni yule mwenye gamba la madoa kama ya chui (Stigmochelys pardalis), mla nyasi na magugu wa mbugani. Yuko kobe bapa (Malacochersus tornieri), mwembamba kama chapati, anayejibanza kwenye nyufa za miamba ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Zambia. Wapo kobe wa jenasi ya Kinixys, wenye kiungo kama bawaba nyuma ya gamba, na hao huvunja kanuni kwa kula pia uyoga, konokono na majongoo. Halafu wapo wageni, majitu ya Aldabra, ambao wanne kati yao walipelekwa kisiwa cha Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka 1919 kama zawadi kutoka kwa gavana wa Ushelisheli. Wa aina hiyohiyo ni kobe Mzee wa Haller Park, Mombasa, aliyejulikana duniani baada ya kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi kufuatia tsunami ya Desemba 2004, kumganda kama mama yake.

Sheria nayo ina neno lake. Kobe wa porini ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali chini ya sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013. Kobe bapa ana ulinzi mkali zaidi: mwaka 2019 aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini.

Ukiacha jamaa wa Kinixys, kobe wengi wa eneo hili wameumbwa kwa ajili ya chakula duni: nyuzinyuzi nyingi, protini kidogo, sukari karibu hakuna. Kobe hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe. Majani yake huchachuliwa na bakteria katika utumbo mpana, na kazi hiyo huenda taratibu kama mwendo wake mwenyewe. Jani lililoliwa leo linaweza kutoka baada ya wiki moja, mbili au zaidi. Ndiyo sababu matunda matamu humvuruga. Sukari ikifika kwenye utumbo ule huwanufaisha vijidudu visivyotakiwa, na matokeo huonekana katika kinyesi chepesi na minyoo inayoongezeka.

Jambo la pili ni madini. Gamba si kofia aliyovaa. Ni mfupa, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, juu yake ukafunikwa na vigae vya kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Kulijenga kunahitaji kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo haifiki mahali pake kama chakula kina fosforasi nyingi kuliko yenyewe. Waganga wa wanyama hupendelea uwiano usiopungua sehemu mbili za kalsiamu kwa moja ya fosforasi. Hapo ndipo ndizi mbivu inaposhindwa vibaya: gramu 100 zina takriban miligramu 5 za kalsiamu na 22 za fosforasi. Nyanya ina kama 10 kwa 24. Kinyume chake, kipande laini cha mpungate kina kama 164 kwa 16. Maharage na nafaka ziko upande wa ndizi. Wali, ugali na mkate havihitaji hata kujadiliwa, ingawa ndivyo kobe wa uani anavyopewa zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyobaki. Na kalsiamu yote hiyo ni bure kama mnyama amefungiwa stoo, kwani bila jua mwili wake hautengenezi vitamini D ya kuifyonza.

Gamba linaloota vichuguu, kila kigae kikiinuka kama kilima, kwa muda mrefu lililaumiwa kwa protini. Jaribio lililofanywa Austria na kuchapishwa mwaka 2003, kwa vifaranga vya kobe wa Saheli, lilionyesha kwamba hewa kavu ilichangia zaidi kuliko protini. Lishe haibebi lawama yote.

Watu wanaotaka kujua jani salama kwa kawaida hutegemea waonjaji watatu, na wote watatu hudanganya. Wa kwanza ni binadamu mwenyewe, ambaye habari zake zimekwisha kutajwa.

Wa pili ni mbuzi. “Mbuzi anakula, kobe atashindwaje?” Jibu limo katika mti wa lusina (Leucaena leucocephala), uliopandwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa kuni na malisho. Majani yake ni laini, yana protini, wala si machungu. Yana pia mimosini, sumu inayowafanya farasi na punda kunyonyoka manyoya ya shingo na mkia. Mtafiti Raymond Jones wa Australia alishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wakila mti huo bila shida, ilhali ng'ombe wa kwao waliugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimaji ya matumbo ya wanyama wa Hawaii yalihamishiwa Australia, na wanyama wa huko nao wakapona. Siri ilikuwa bakteria anayeivunja sumu ile, ambaye mwaka 1992 alipewa jina Synergistes jonesii kwa heshima yake. Kwa hiyo hata mbuzi mwenyewe hana kinga ya kuzaliwa nayo. Anaye mpangaji tumboni. Kobe hana mpangaji huyo, na lusina si jani lake.

Parachichi ni mfano wa upande wa pili. Majani yake yana pasini, ambayo humdhuru hata mbuzi: maziwa hupungua na kiwele huvimba. Hapo mwonjaji naye ameanguka.

Wa tatu ni kobe. Wafugaji wengi huamini kwamba mnyama anajua kilicho chake. Porini kauli hiyo ina ukweli kiasi, kwa sababu kobe wa mbugani hupita kwenye mimea kadhaa kwa siku moja, akiuma hapa kidogo na pale kidogo, na hakuna jani moja linalojaza tumbo lake. Ndani ya ua wa hatua kumi kwa kumi, mwenye njaa hana cha kuchagua. Isitoshe, kobe huvutwa na rangi, hasa nyekundu na njano, hata kama kitu chenyewe ni kizibo cha soda. Na hamu yake ni pana kuliko sifa yake: mwaka 2020 katika kisiwa cha Frégate, Ushelisheli, jitu la Aldabra lilirekodiwa kwa video likimfuata kifaranga wa ndege wa baharini juu ya gogo, polepole mno, hadi likamuua na kummeza. Kwamba kobe amekila kitu ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba kilikuwa karibu.

Zipo pia kanuni za mkato zinazopita mdomo kwa mdomo. Maarufu zaidi ni kukataa kila mmea wenye utomvu mweupe. Kanuni hiyo ingemwokoa kobe na mnyaa (Euphorbia tirucalli), ambao utomvu wake hutia malengelenge na unaweza kupofusha jicho kwa muda. Lakini ingemnyima mforosadi, ambao jani lake likichumwa hutoa maziwa na bado ni miongoni mwa malisho bora ya kobe. Ingemnyima mchunga (Launaea cornuta), wenye maziwa na uchungu wote. Kisha ingemwachia mbarika, usio na maziwa yoyote, ambao mbegu zake zina risini, moja ya sumu kali kabisa za mimea. Uchungu nao haufai kuwa kipimo: mchunga ni mchungu na unafaa, lusina si chungu na haifai.

Kinachobaki ni kuujua mmea wenyewe, na hapo linakuja tatizo la majina. Jina la mtaani ni la mtaa. Mchicha ni mimea kadhaa ya jenasi Amaranthus, na kwa wauzaji wengine ni hata spinachi ya dukani. Mbono huweza kumaanisha mbarika, na mbono kaburi ni mti mwingine kabisa (Jatropha curcas), nao una sumu. Matembele, majani ya viazi vitamu, yanaweza kuliwa na kobe kwa kiasi, lakini jamaa yao wa jenasi ileile, Ipomoea carnea, kichaka chenye maua ya zambarau iliyofifia kinachopandwa kuwa uzio, kina swensonini, inayoharibu neva za mbuzi na ng'ombe. Maua ya mimea hiyo miwili yanafanana kama ya ndugu, na ni ndugu kweli.

Ndiyo maana jina la Kilatini, lenye maneno mawili, halikubuniwa kwa ajili ya majivuno. Tangu Linnaeus alipochapisha kitabu chake cha mimea mwaka 1753, jina hilo ndilo linaloruhusu mtu wa Tanga na mtu wa Muscat kujua kwamba wanazungumzia jani moja. Kwa eneo hili kazi kubwa ya kuorodhesha ni Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikieleza zaidi ya aina 12,000 za mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda. Mimea iliyokaushwa na kuwekwa kwenye karatasi imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako mtaalamu anaweza kulinganisha tawi na tawi.

Tawi linalopelekwa kutambuliwa halipaswi kuwa jani moja lililosinyaa mfukoni. Majani hudanganya, ua halidanganyi kirahisi. Mtambuzi hutaka kuona jinsi majani yalivyopangika kwenye shina, yakikabiliana au kupishana; kama shina ni la mviringo au la pembe nne; kama kuna utomvu na wa rangi gani; ua lina petali ngapi, na tunda likoje. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zinasaidia kupata ukoo, mara nyingine hata jenasi. Kumlisha kobe kwa jibu la simu peke yake, hata hivyo, ni kumpa simu kazi asiyoisomea, hasa kwa familia ya mnavu, ambamo nyanya, bilinganya, mtunguja na mnanaha hukaa ukoo mmoja. Mtunguja hutoa vitunda vya njano vinavyovutia macho, na mnanaha unaweza kuparaganya akili ya mtu mzima.

Baada ya tahadhari zote hizo, orodha ya malisho ya kawaida inashangaza kwa urahisi wake. Msingi ni nyasi. Ukoka unaotambaa kwenye kila kiwanja, nyasi za kikuyu za nyanda za juu na mabingobingo yakiwa machanga vinatosha kuwa sehemu kubwa ya mlo wa kobe mwenye madoa na wa jitu la Aldabra. Hata hapa kuna mtego mmoja: mtama. Ni nyasi kwa ukoo, lakini majani yake machanga, hasa yanayochipua baada ya ukame, hutoa sianidi kama kisamvu.

Juu ya nyasi huongezwa majani mapana. Hibiskasi ya uzio, majani na maua yake, huliwa kwa pupa. Mforosadi umekwisha kutajwa. Majani ya maboga yanafaa, na maua yake ya njano ni kama peremende kwa kobe. Bogenvilia huweza kutolewa maua na majani, mradi miiba ikatwe. Mchunga, ambao bibi wengi wa pwani wangeuona hasara kumpa mnyama, ni wa ukoo mmoja na magugu ya Ulaya yanayosifiwa sana na wafugaji wa huko. Mlonge una kalsiamu nyingi, lakini jani lake kavu ni takriban robo yake protini, kwa hiyo kwa kobe ni kitoweo, si chakula.

Mpungate unastahili maneno zaidi. Kakati huyu alitoka Amerika, na katika Laikipia, Kenya, amegeuka balaa linalofunika malisho. Kwa kobe mwenye madoa ni neema: maji, nyuzinyuzi na kalsiamu katika kipande kimoja, na porini hula vipande pamoja na matunda. Hatari si miiba mirefu inayoonekana, bali vile vinyweleo vidogo vilivyokaa vishada vishada, vinavyozama kwenye ulimi. Wanaolisha huvipitisha juu ya moto wa mkaa mpaka viungue, kisha hukata kipande vipande. Kilichoungua juu kinabaki kibichi ndani, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Kundi lenye ubishi mwingi ni lile la sokoni: spinachi, mchicha, sukuma wiki. Spinachi ina kalsiamu kwenye karatasi, lakini ina pia oksaleti, ambayo inaweza kukaribia gramu 1 katika gramu 100 za jani bichi. Oksaleti huishika kalsiamu na kuifanya isifyonzwe. Mchicha una tabia hiyohiyo kwa kadiri yake. Sukuma wiki ina kalsiamu inayopatikana kwa wingi na oksaleti kidogo, ila ni ya ukoo wa kabichi, na ukoo huo una viambata vinavyozuia tezi ya shingo kutumia madini joto iwapo mnyama hapewi kingine kila siku. Kabichi nyeupe na letasi ya duara ni maji yenye umbo la jani.

Mgeni anayevuka kwa boti kwenda Changuu na kumnyooshea jitu la Aldabra vijiti vya mboga za majani hafanyi kosa. Mbele yake yupo mnyama anayeweza kufikia kilo 200 na ushei, na majani machache ni kionjo. Kosa huanza mtu anaporudi nyumbani na picha hiyo kichwani, akanunua fungu la spinachi kila asubuhi kwa kobe mchanga wa gramu 80 anayejenga gamba lake. Kipimo cha jitu hakiwi kipimo cha kifaranga.

Matunda nayo hayana hukumu moja. Kwa kobe wa mbugani embe na papai ni vya nadra, lakini wapo wanaovunja kanuni kwa sababu nzuri. Jonathan, kobe wa kisiwa cha St Helena anayekadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832, alipoteza kuona na kunusa, akawa anakula alichogusa, mdomo wake ukawa butu na wa kumeguka. Daktari wa mifugo wa kisiwa akaanza kumlisha kwa mkono mara kwa mara, matunda na mboga pamoja na karoti na tango, na mdomo ukarudi kuwa na makali. Nyasi zilikuwepo muda wote miguuni pake. Hakuweza tu kuzipata zilizo nzuri.

Jani sahihi lililotoka mahali pabaya ni jani baya. Ukoka wa kando ya barabara hubeba vumbi na mafuta, na majani ya shamba lililopuliziwa dawa hubaki na sumu ambayo kuosha hakuiondoi yote. Maua ya dukani hayafai hata yakiwa hibiskasi. Mimea ya vyungu inayopandwa kwa uzuri, kama oleanda, inayodhuru moyo, na lantana, inayoharibu ini la ng'ombe, haina budi kutolewa nje ya ua kabisa badala ya kuzungushiwa matofali, kwa kuwa kobe anayetaka kupita husukuma, na majani yaliyokauka yakipeperuka hayajui mpaka.

Ikitokea amekula asichopaswa, hakuna njia ya nyumbani ya kumtapisha. Huwekwa kwenye maji ya vuguvugu ya kina kifupi ili anywe, hupelekwa kwa daktari wa mifugo, na tawi alilolila hubebwa pamoja naye, likiwa na ua au tunda kama lipo. Kwa kuwa tumbo lake ni la polepole, siku mbili za kuonekana mzima hazimtoi hatarini. Daktari makini huuliza habari za wiki mbili nyuma, na huomba kuletewa hata kinyesi, ambamo vipande vya jani bado husomeka.